Kiti cha Mbele cha Gari la Kibwana

Hapo zamani, si zile za majini na wafalme bali hizi za juzi, za magari na viyoyozi, aliishi Handeni mfanyabiashara wa mahindi aitwaye Kibwana. Alikuwa na gari moja kuukuu na desturi moja nzuri. Akiwa peke yake alifungua madirisha, mafuta yasiende bure. Akimpakia mtu wa kawaida alifungua madirisha. Lakini akimpakia mtu wa heshima alifunga vioo vyote na kuwasha kiyoyozi.

Ikawa kila akimpakia mtu wa heshima, gari linanuka. Alimpakia diwani, likanuka. Alimpakia mwalimu mkuu, likanuka. Alimpakia shehe, na shehe naye vilevile. Kibwana hakusema neno, maana mkubwa haambiwi kuwa ananuka. Wakubwa nao hawakusema neno, maana mwenye gari haambiwi kuwa gari lake linanuka. Basi Kibwana akajua moyoni kwamba watu wakubwa hawaogi, akawa anawapa sabuni ya zawadi wakishuka. Waliipokea kwa shukrani, kila mmoja akijinusa kwapa njia nzima.

Sasa Kibwana alimpenda Mwasiti, akampenda hata chakula kikawa hakipiti. Mwasiti alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanamvua, na neno la mwisho la posa lilikuwa la shangazi huyo. Siku ya kumpeleka shangazi akaione nyumba ya mchumba, Kibwana alimkalisha nyuma pamoja na mshenga, Mzee Mbelwa, akafunga vioo, akawasha kiyoyozi.

Hawajafika mbali, Bi Mwanamvua akajiziba pua kwa mtandio.

"Simamisha gari," alisema. "Mwanangu haolewi na mtu anayenuka mzoga. Posa imekwisha."

Ndipo Mzee Mbelwa, mtu msafi kuliko wote Handeni, akainamisha kichwa. "Usimwonee kijana, Bi Mwanamvua. Ni mimi. Tumbo langu halijatulia tangu jana."

Shangazi akampa pole, akashusha kioo, posa ikapona. Lakini kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa na habari za tumbo la Mzee Mbelwa, na msikitini watu wakawa wanamwachia nafasi pande zote mbili.

Harusi ikiwa imekaribia, mvua ilimkuta Kibwana njiani, akampakia Kabula, muuza karanga. Kabula ni Mnyamwezi, Kibwana ni Mzigua, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Vioo vikafungwa kwa ajili ya mvua, kiyoyozi kikawashwa kwa ajili ya ukungu wa kwenye vioo.

"Mtani," akasema Kabula, "siku hizi nyie Wazigua mnazika ndani ya magari?"

Kibwana akamnyooshea sabuni. Kabula akaisukuma kando, akazima kiyoyozi, harufu ikapungua. Akakiwasha, ikarudi. "Si mimi wala si wewe," akasema. "Kinachonuka ni haya matundu ya hewa."

Fundi akamulika kwa tochi. Panya alifuata punje za mahindi, akafia ndani kabisa, pasipopita mkono wa fundi, na kulifungua gari lote kungeivuka siku ya harusi. Bi Mwanamvua akasikia, akaona haya, akaja mwenyewe na mkono wake mwembamba. Bangili ikakwama. Ilikuwa ya fedha, alivishwa na marehemu mumewe, na haikuwahi kumtoka. Akamwambia fundi aikate. Ikakatwa. Akazamisha mkono hadi begani, akamtoa panya pamoja na kiota chake. Fundi akaosha matundu, akabadilisha chujio, na hewa ikawa hewa.

Kwa furaha Kibwana akatamka mbele ya shangazi, na mbele ya mshenga na Kabula waliokuja kushuhudia: "Aliyeniokoa na harufu hii ndiye atakayekaa kiti cha mbele cha gari la harusi." Jina hakutaja.

Siku ikafika, ndoa ikafungwa. Bwana na bibi harusi wakaingia kiti cha nyuma, dereva akashika usukani, waende ukumbini.

Mzee Mbelwa akashika mlango wa mbele. "Kibwana mwanangu, nilibeba harufu isiyo yangu. Bila uongo wangu leo pasingekuwa na harusi. Hadi leo msikitini naswali kama nipo kisiwani."

Kabula akashika mlango. "Mzee, uongo wako ndio uliofuga hiyo harufu. Wote mlinusa, mkafunga midomo kama mlivyofunga vioo. Aliyesema ni mimi."

"Mtani kusema si ushujaa," akasema Mzee Mbelwa. "Ulipoteza nini?"

Bi Mwanamvua akashika mlango kwa mkono usio na bangili. "Maneno hayatoi panya. Mimi ndiye niliyemshika mkia, na kumbukumbu ya mume wangu imebaki vipande viwili."

"Na nani alitaka kuivunja posa?" akauliza Kabula.

Bi Mwanamvua akazidi kuung'ang'ania mlango.

Kibwana akatokwa na jasho, na kiyoyozi kinampulizia hewa safi. Akimwudhi mshenga, nani atawasuluhisha siku wakigombana? Akimwudhi shangazi, Mwasiti atalia. Akimwudhi mtani, ataimbwa mji mzima. Akamgeukia mkewe amsaidie.

"Usiniulize mimi," Mwasiti akasema chini ya shela. "Chagua wewe. Nataka nijue nimeolewa na mtu anayethamini nini."

Haya, nyie mnaocheka, kiti ni kimoja na matarumbeta yameshaanza kulia. Yupo aliyejipaka harufu ya mwenzake, yupo aliyeitaja, yupo aliyeitoa kwa mkono wake. Je, nani alistahili?