Maalim Kombo na Mizani ya Sultani

Hapo zamani, na asiyeamini akae kimya maana sipendi kukatizwa, palikuwa na Sultani katika mji wa Kimbijani aliyekuwa na mizani kubwa kuliko akili yake. Akaisimamisha langoni pa jumba, akatoa amri: "Kila mtumishi wangu alete kazi yake ya siku ipimwe. Kazi nzito, ujira mzito. Kazi isiyo na uzito haina ujira." Shauri hilo alipewa na Waziri Shapandu, ambaye kazi yake mwenyewe ilikuwa kula.

Basi wakaja mahamali na magunia, wakaja wachinjaji na mapaja ya ng'ombe, wote wakalipwa. Akaja Maalim Kombo, mwalimu wa chuo cha watoto wa mji, fukara ambaye viraka vya kanzu yake vilikuwa na viraka. Akasimama mikono mitupu.

"Kazi yako i wapi?" akauliza Waziri.

"Leo nimewafundisha watoto kujumlisha, Bwana."

"Haya, iweke kitangani tuipime."

Watu wakaangua kicheko. Waziri akaongeza: "Na mwezi ukiandama bila ya chuo chako kuleta uzito, nitakifanya zizi la punda. Punda angalau hubeba kitu."

Walimu wengine walikwisha kukimbia, huyu kubeba nazi, yule kupasua kuni, nao wakanawiri. Mkewe, Bi Mize, akamwambia, "Mume wangu, nenda kabebe magunia nawe."

"Mgongo huu, Bi Mize, haujapata kubeba kitu ila kanzu."

"Basi tutakula kanzu."

Ikafika Alhamisi, siku watoto wamleteapo mwalimu ada, huyu muhogo, huyu ndizi, huyu kibaba cha mtama. Siku zote Maalim huipeleka ada nyumbani. Safari hii akawaongoza watoto kwanza hadi langoni, akasema, "Nipimieni hawa, ndio mali ghafi." Wakapimwa. Kisha wakarudi chuoni, naye akakoka moto uani, akatia ada yote chunguni. Watoto wakala, wakanywa togwa, wakala tena. Jioni akawarudisha mizanini wakitweta.

"Asubuhi walikuwa vile, sasa wako hivi," akasema. "Hiyo ziada ndiyo kazi yangu."

Waziri akatazama mizani, akaikumbuka amri, akalipa huku anauma meno.

Ikawa ndiyo desturi ya kila siku. Ujira ukanunua chakula, chakula kikaleta ujira. Asubuhi watoto hurudi wepesi, na uzito ule ulikokwenda usiniulize, kwani wewe huna choo? Mahamali waliposikia, wakatupa magunia na kupanga foleni wakiomba ualimu.

Sasa, miongoni mwa watoto wale alikuwamo Muhidini, mwana wa Sultani. Siku moja wakaja wageni kutoka nchi ya jirani na waraka wao, na Sultani, akitaka kujitapa, akamwita mwanawe barazani. "Mwanangu, tusomee."

Muhidini akaupokea waraka, akaunusa, akaulamba pembeni. "Baba, huu huliwa kwa mchuzi gani?"

Wageni wakajifunika vinywa. Sultani akanguruma, "Kombo aletwe!" Alipoletwa, akamwambia, "Nilikupa mtoto, umenirudishia gunia!"

"Maulana, gunia ndilo unalolilipia. Mimi ni mtu wa haki, simpi mtu asichokinunua. Na Muhidini ndiye wa kwanza chuoni, kaongezeka frasila nzima."

"Safihi huyu!" akafoka Waziri. "Maulana, hukumu atiwe gerezani!"

"Nimeridhika," akasema Kombo. "Ila hukumu hiyo nayo ni kazi ya leo. Na ipimwe kwanza. Ikiinamisha mizani, nitakwenda gerezani kwa miguu yangu."

Sultani akaitazama mizani kule langoni. Katika maisha yake yote hakuwa amefanya kazi ya kuzamisha hata kitanga kitupu. Akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

Tangu siku hiyo mwalimu wa Kimbijani hulipwa sawa na mchinjaji, naye Muhidini akarudishwa kwenye alifu yake, njaa ikimuuma kidogo. Mizani ikapelekwa sokoni, na kwa kuwa huko hapakuwa na jiwe la kupimia la kuitosha, akakalishwa Waziri kwenye kitanga cha pili. Na siku aliyokula pilau Waziri, wanunuzi wa Kimbijani walimwombea dua.