Asili ya Meno Meusi ya Waviet

Kabla ya mambo haya kutokea, Waviet walikuwa na meno meupe kama watu wengine wote. Waliishi katika bonde la Mto Mwekundu, wakipanda mpunga kwenye matope na kutafuna tambuu kwa popoo na chokaa, na juu yao walikaa watawala waliotoka kaskazini. Watawala hao walichukua chumvi, lulu na pembe, na watu wakavumilia kwa shida. Kilichowachoma zaidi ni neno ambalo gavana alipenda kulirudia, kwamba hakuna watu wanaoitwa Waviet. Wapo watu wa kaskazini, alisema, na wapo watu wa kaskazini waliolowa maji.

Katika kijiji cha Ha Vong aliishi mtia rangi nguo, jina lake Thoa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono myeusi. Aliloweka vitambaa katika maji ya viazi pori, akavizika kwenye tope la mto, na alipovitoa vilikuwa vyeusi kiasi kwamba nguo ya Thoa ilichanika kabla ya kupauka. Mume wake aliitwa Khiem. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, Mien.

Mwaka ambao gavana aliamuru koo zote ziache majina yao na kuchukua majina ya kaskazini, vijiji kumi na viwili viliinuka kwa mapanga, mikuki na mishale. Walipigana siku mbili juu ya tuta la mto, na siku ya pili jioni walikuwa wameshindwa. Khiem alikuwa miongoni mwa walioanguka.

Gavana aliwaacha wafu kwenye maji siku tatu. Kisha akaamuru wavuliwe kila kitu, askari wake na watu wa vijiji, nguo, mikanda, hata pete, walazwe pamoja chini ya tuta, na familia ziitwe. Alikaa juu ya farasi akiwa amefunika pua kwa kitambaa.

"Nyinyi husema ni watu wengine," aliwaambia. "Haya, wachukueni watu wenu. Mna mpaka adhuhuri. Watakaobaki watakwenda na mto."

Thoa alitembea kati ya wafu mia tatu. Maji yalikuwa yamewavimbisha wote, nyuso zimefanana, ngozi imeanza kuachia. Aliinama, akanyanyuka, akainama tena. Alimpata mmoja aliyekuwa na urefu wa Khiem na mabega ya Khiem. Alisita juu yake muda mrefu. Dac, binamu mkubwa wa Khiem na mkuu wa ukoo, alikuwa akipita na mwili wa mwanawe kwenye machela.

"Mchukue, shemeji. Jua hilo linapanda."

"Sina hakika."

"Nani aliye na hakika hapa? Mchukue!"

Akamchukua. Alimzika kwenye kiunga cha makaburi ya ukoo, na kila siku kwa miaka mitatu akamwekea bakuli la wali kwenye meza ya wazee waliotangulia, akamwashia udi, akamwita kwa jina aje kula. Mavuno yalipoingia, wali wa kwanza ulikuwa wake. Miaka mibaya, Mien alilala na uji mwepesi, lakini bakuli la baba lilijaa. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mfu asiyeitwa na watu wake hana pa kula. Huzunguka kando ya mito akiwa na njaa isiyokwisha.

Baada ya miaka mitatu, kama desturi ilivyotaka, walimfukua ili waoshe mifupa na kuiweka kwenye mtungi wa udongo, apumzike moja kwa moja. Ilikuwa alfajiri ya baridi. Thoa alishika mifupa ya miguu. Bibi Nghi, mama yake Khiem, aliosha mifupa ya mikono kwa maji ya viungo, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Ghafla akaacha. Akauinua mfupa wa mkono wa kushoto kwenye mwanga, akaupapasa kutoka kiwiko hadi kifundo.

"Mkwe," alisema, "huu umenyooka."

Thoa hakuelewa.

"Khiem alianguka kutoka mgongoni mwa nyati alipokuwa na miaka saba. Mkono huu nilimfunga mwenyewe kwa mianzi, na ukaunga kombo. Mimi ndiye niliyeuunga kombo, sijasahau." Aliuweka mfupa chini kama kitu kilichomng'ata. "Huyu si mwanangu. Huyu sijui ni nani."

Lakini walijua. Kwenye tope la kaburi, karibu na mbavu, Mien aliokota ncha ya mshale iliyoingia mwilini na kubaki humo. Ilikuwa ya shaba, nyembamba, yenye pande tatu. Ndiyo mishale ambayo baba yake alichonga na wenzake kwa ajili ya vita vile. Aliyelala pale aliuawa na watu wa Ha Vong. Miaka mitatu walikuwa wakimlisha askari wa gavana.

Thoa alisimama. Alilipiga teke beseni la maji likabingirika mpaka kwenye shamba la mpunga, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Dac, miguu imejaa udongo wa kaburi. Dac alikuwa anakula.

"Ulinihimiza," alisema Thoa mlangoni. "Uliniambia nimchukue. Nimemnyima mtoto wangu chakula nikampa mtu aliyekuja kutuchinja, na mume wangu yuko mtoni, hana wa kumwita. Kula, shemeji! Kula ushibe, maana wewe unaye wa kula naye mezani!"

Dac aliweka vijiti vyake vya kulia chini. Hakukasirika.

"Mwanangu nilimtambua kwa masikio," alisema. "Masikio, Thoa. Yalikuwa makubwa. Wote walikuwa wamevimba masikio." Akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Mwezi ujao ndiyo zamu yangu ya kufukua. Nimekuwa nikitafuta sababu ya kuahirisha."

Habari ilienea kabla ya mchana. Mwaka ule katika Ha Vong hakuna aliyefungua kaburi. Watu walikaa mbele ya meza za wazee na mabakuli mikononi wasijue wamwite nani. Mjane mmoja alivunja bakuli. Mwingine alisema afadhali aendelee kumpa mgeni kuliko kuacha kumpa mumewe. Hasira ilikaa kijijini kama moshi wa kuni mbichi, haina pa kutokea. Kuna aliyemlaumu jirani, kuna aliyejilaumu mwenyewe, na gavana aliendelea kulala usingizi wake.

Mifupa ile Thoa aliifunga kwenye mkeka na kuizika upya nje ya kiunga, kichwa kikielekea kaskazini. Hakuwasha udi. "Nenda kwenu," aliiambia. "Umekula vya kutosha."

Kisha akaingia kwenye kibanda chake cha rangi na kukaa siku nyingi, akifikiri kama fundi. Nguo huvuliwa. Nywele hutoka. Chale za ngozi huondoka na ngozi, na kucha huondoka na vidole. Katika mwili wote alioufukua, kitu pekee kilichokuwa bado kama kilivyokuwa siku ya kifo ni meno. Nayo yalikuwa meupe, kama ya Khiem, kama yake mwenyewe, kama ya gavana.

Alichukua taya la nguruwe lililotundikwa jikoni. Rangi ya viazi haikushika. Tope peke yake halikushika. Alijaribu utomvu mwekundu ambao wadudu huuacha kwenye matawi ya miti, akausaga, akauchanganya na maji ya ndimu, akaupaka kwenye ukanda wa jani la mgomba na kuufunga juu ya meno usiku saba. Yakawa mekundu kama damu iliyoganda. Juu yake akapaka maji ya chuma chenye kutu, na wekundu ukageuka weusi mbele ya macho yake. Akamalizia kwa mafuta ya kifuu cha nazi kilichochomwa. Taya akalizika kwenye tope la mto msimu mzima wa mvua. Alipolitoa, nyama na ngozi havikuwepo, na meno yalikuwa meusi na yanang'aa kama mbegu za topetope.

Alianza na meno yake. Kwa siku kumi na nne hakutafuna kitu. Alimeza uji uliopoa, midomo imevimba, ulimi umechomwa na ndimu. Alipofungua mdomo mbele ya mkwewe, Bibi Nghi alimtazama sana.

"Mimi yamenibaki manne," alisema kikongwe yule. "Yapake yote manne. Sitaki kuachwa mtoni kwa sababu ya uchache."

Mien ndiye aliyekataa. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alipendwa kwa tabasamu lake, lenye jino moja lililopanda juu ya jingine.

"Mama, nitaonekana kama nimekula makaa."

"Ndiyo."

"Nani atanioa?"

"Wa kwetu," alisema Thoa. "Wa kwao hatakutaka, na hilo nalo ni faida. Mien, nimeshamkosa mmoja. Ukilala kati ya wafu elfu, nataka nikujue."

Msichana alilia, kisha akafungua mdomo.

Baada yake alikuja Dac na wanawe wawili waliobaki, halafu wajane, halafu Ha Vong yote, na mwaka uliofuata vijiji vya ng'ambo ya mto. Sokoni askari wa kaskazini waliwacheka, wakawaita watu wenye midomo ya mapango. Mien, aliyekuwa amejifunza kutia rangi kwa mama yake, naye alikuwa akiwacheka, mdomo wazi kabisa, mpaka wao wakaacha.

Alipokuwa na miaka ishirini, mabonde yaliinuka tena, na Mien akaenda na mkuki ambao baba yake aliuacha nyumbani. Ngome ya gavana iliungua, lakini watu wengi hawakurudi, na mvua iliwachanganya wafu kama mto ulivyofanya mara ya kwanza. Safari hii wanawake hawakungoja kuitwa. Walitembea kwa mstari kutoka kando moja ya uwanja hadi nyingine, kila mmoja na kijiti cha mwanzi, wakiinama na kufungua midomo. Hawakuulizana. Mwenye meno meusi, walimbeba. Mwenye meupe, walimpita. Wa Ha Vong walikuwa thelathini na wanane waliokwenda wasirudi, na walibebwa thelathini na wanane.

Mien hakuwa na uso. Moto ulikuwa umepita hapo. Thoa alipiga magoti, akaingiza kijiti, akatazama: jino lile lililopanda juu ya jingine lilikuwa pale, jeusi, kazi ya mkono wake. Alivua kitambaa chake cheusi, akamfunika mwanawe, na alipokuja Dac kumsaidia kushika miguu, alimkatalia. Alimbeba peke yake juu ya mgongo, njia nzima ya tuta, na jioni hiyo hiyo alimwekea bakuli na kumwita kwa jina lake, bila kusita.

Na tangu siku hiyo Waviet wakapaka meno yao rangi nyeusi, wanaume kwa wanawake, kila kijana afikapo umri wa kuoa na kuolewa, na mwenye meno meupe akaulizwa ni mtoto wa nani. Miaka mingi sana baadaye walikuja watawala wengine, kutoka mbali zaidi, na shule zao na vioo vyao, wakasema huo ni uchafu. Wasichana waliaibika. Kuna waliosugua meno kwa mchanga mpaka fizi zikatoa damu, ili wapate kazi katika nyumba za watu hao.

Leo wamebaki vikongwe wachache tu. Ukikutana na mmoja wao sokoni, usimwulize anaumwa nini. Atafungua mdomo wote ili uone vizuri, na hataufunga mpaka wewe utazame pembeni.