Jina Alilolitoa Kidawa

Mko macho?
— Tuko macho.
Niseme au nilale?
— Sema, tusikie.

Hapo kale paliishi mwanamke aitwaye Kidawa, mtoa majina. Kila kiumbe wa mlimani aliletwa kwake. Akatazama mguu, akatazama bawa, akasikiliza sauti, ndipo akampa jina. Lakini mwaka huo binti yake mchanga alifariki siku ya sita, na mtoto hupewa jina siku ya saba. Kidawa akafunga mlango, asimpe jina mtu wala mdudu.

Jumbe, mkuu wa kijiji, akatangaza, "Msitu wa juu bado hauna kiumbe mwenye jina, na pasipo jina paruhusiwa kufyekwa. Mwezi ukiandama, tutaufyeka."

Mdudu mmoja wa kijani akashuka kutoka huko, akapiga hodi. "Mama, nipe jina."

Kidawa akajibu kutoka ndani, "Wewe ni panzi. Nenda."

Akaenda. Kesho yake akarudi. "Mama, panzi ana sharubu fupi. Zangu zinaupita mwili wangu. Nipe jina."

"Basi wewe ni nyenje. Nenda."

Akaenda. Mwezi ukaandama, akarudi mara ya tatu, mguu mmoja umekatwa kwa panga. "Mama, nyenje ni mweusi. Bawa langu ni kama jani. Wanangu wako mitini, na wafyekaji wameshafika. Nipe jina."

Kidawa akafungua mlango. Akamweka kiganjani, akatazama mguu, akatazama bawa. "Imba," akamwambia.

Mdudu akasugua mabawa. Tsii, tsii, tsii. Sauti nyembamba, kama ya mtoto anayeanza kulia.

Kidawa akamsogeza karibu na uso wake. "Ninalo jina moja tu. Nilimwekea mwanangu, hakuliwahi."

"Litunze basi, mama. Ni lake."

"Nimelitunza mno. Hakuna anayelitamka."

Akapanda naye hadi msituni, akamkuta Jumbe na wafyekaji wake. "Jumbe, huyu si panzi, wala si nyenje. Nimemtazama. Huyu ni Semeni."

"Semeni wa nani?"

"Semeni wangu."

Jumbe akaelewa, akainamisha kichwa. "Shusheni mapanga," akasema.

Wafyekaji wakalitamka jina, mmoja baada ya mwingine, wapate kulijua: Semeni, Semeni, Semeni. Kidawa alikuwa hajawahi kulisikia kinywani mwa mwingine. Akaketi kwenye majani, akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuna aliyemharakisha.

Ngano yangu imefika ukingoni, nami naitua hapa. Funzo lake: usimpe kiumbe jina la jirani yake kabla hujamtazama. Na aliyesinzia asiniulize mdudu aliitwaje, amuulize aliyemwegemea.