Ufunguo wa Sakafu Isiyo na Mihimili

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, Bi Mashavu mshona nguo alitaka kujenga ghorofa: vyerehani juu, watoto wa mafundi wake chini.

Injinia Chausiku akamchorea sakafu isiyo na mihimili, inayokaa moja kwa moja juu ya nguzo. Akamwonya kila mtu pale kwenye ujenzi, hata Siwema, mama lishe: "Penye nguzo, nondo za juu zibaki juu. Zikizama, nguzo itaitoboa sakafu." Alisema mara tatu mpaka wakamchoka.

Bi Mashavu akaingiwa na hofu, akaahidi: "Atakayeniokolea sakafu hii, fremu ya duka ya mbele ni yake."

Ikafika siku ya zege. Zege likianza kumwagwa halisimamishwi, ndiyo desturi, na anayelisimamisha huzomewa. Vibarua wakapanda na karai, wakashuka, wakapanda, wakashuka, wakizikanyaga nondo. Siwema akaleta uji, akatupia jicho nguzo ya kati. Nondo za juu zimelala chini!

"Simamisheni!"

"Mama, rudi kwenye sufuria zako!"

Akatua ndoo, akaketi palepale juu ya nondo, akagoma kuondoka.

Nyapara Lusajo akaja kuchungulia, akaziona zimezama. Yeye ndiye aliyepunguza vikalio vya kushikilia nondo ili kazi iende mbio. Angeweza kumwondoa yule mama kwa nguvu. Badala yake akalisimamisha zege, akakiri kosa mbele ya vibarua wake, akapiga magoti na kuziinua nondo kwa mikono mitupu mpaka saruji ikamla ngozi.

Jengo likaisha. Sakafu ikapakiwa mifuko ya mchanga kuipima, isitoe hata ufa.

Wakaja watatu kuidai fremu.

"Bila maneno yangu, nani angejua kuna hatari?" akasema Chausiku.

"Siku ya zege hukuwepo, mwanangu," akajibu Siwema. "Aliyeona ni mimi."

"Na kuona kwako kungeinua nondo?" akauliza Lusajo, akionyesha viganja vyenye makovu.

"Nondo ulizozizamisha mwenyewe!" wakamrukia wote wawili.

Bi Mashavu alikuwa na ufunguo mmoja tu wa fremu. Juu yake vyerehani vilinguruma. Chumba cha pili, watoto walikuwa wamelala usingizi wa mchana. Aliwashukuru wote watatu kwa moyo mmoja, na hilo ndilo lililomtesa.

Haya, ninyi mliokaa kimya muda wote: je, nani alistahili ufunguo?