Wimbo wa Bwana Feruzi

Mashavu, mwenye kikundi cha maigizo pale Tanga, alikuwa akishona pazia la onyesho la jioni Bwana Feruzi alipoingia na karatasi.

"Nasikia bibi harusi wa mchezo wenu ataimba wimbo nilioutunga mimi. Kila onyesho elfu hamsini, la sivyo naufunga mchezo."

"Haki yako, bwana. Ila andika vizuri: atakayeuimba jukwaani ndiye adaiwe."

Feruzi akaandika, akatia saini, akakalia kiti cha mbele ahakikishe.

Ala zikalia. Bibi harusi akafungua kinywa, akasahau maneno. Akaanza upya, akasahau palepale. Watu wakaguna. Mashavu akashika tama. Feruzi akahangaika kama aliyekalia siafu, na mara ya tatu akapanda jukwaani mwenyewe, akauimba beti zote nne, akinamama wakimtunza kwa noti na vigelegele.

Pazia liliposhuka, akanyoosha mkono. "Elfu hamsini yangu."

"Mwimbaji unamjua, bwana, mdai yeye," alisema Mashavu akiokota noti sakafuni. "Hizi tuzo ni za kikundi, ndiyo desturi. Na kesho usichelewe, watu wameshakata tiketi kuja kukusikia."