Voltimita ya Kanzenze

Wahenga hawakusema kwamba mwenye pupa hatafuti tamu. Huitafuta sana, tena kwa mikono miwili! Walisema hadiriki kuila. Asiyeamini na amuulize Wenceslas.

Wenceslas, fundi wa vipimo vya umeme mjini Gisenyi, siku ile hakutulia, kama mtu aliyekalia siafu. Mkewe Umuhire alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza kwa wazazi wake Kanzenze, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumpa mtoto jina. Baba ndiye wa kulitamka. Ulikuwa mwaka 1998, barabara hazikuaminika, na magari yalikwenda kwa msafara wa askari. Gakwaya, dereva wa kituo cha pampu ya maji cha Kanzenze, alikubali kumchukua mara tu voltimita ya pampu, kipimo cha nguvu ya umeme, ikishakaguliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Fundi aliandika amri kwenye kompyuta, ikapita kwenye waya hadi kwenye mashine ya kusawazishia vipimo, nayo ikatoa volti zilizotajwa ili mshale wa voltimita ulinganishwe nazo. Lakini mashine ilikuwa kongwe, ilichelewa kutulia. Kwa hiyo karakana ilikuwa na desturi: baada ya kila amri, mashine iulizwe kama imemaliza, na jibu lingojwe.

Nje honi ililia. "We Wence! Basoda banaondoka, donc mi sitabakia huku!" Gakwaya alipaza sauti, maana askari wa msafara walikuwa wameanza kuondoka.

Wenceslas akatuma volti kumi, hamsini, mia, mia tatu, mfululizo, bila kuuliza. Mshale haukutikisika.

"Dada Vere, mashini iko kimya. Haisikie!"

"Imesikia, ndugu yangu," alijibu Verediane, mkuu wa karakana, aliyekulia Bukoba. "Inazipanga amri zako foleni. Uliza, kisha ungoje."

"Ningoje nini tena? Bon, mi naanza upya."

Akazungusha swichi ya voltimita hadi kwenye kipimo kidogo kabisa, cha volti kumi. Verediane aliruka kuizima mashine, akachelewa. Amri zote zilizohifadhiwa zilitekelezwa kwa mkupuo. Volti mia tatu zilipoingia, mshale ulijigonga ukapinda, na harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani.

"Utazisuka upya nyaya zake," Verediane alisema, kwa huruma zaidi kuliko hasira. "Bila kipimo hiki Kanzenze hawana maji, na fundi wa kazi hiyo ni wewe peke yako."

Gakwaya alichungulia mlangoni, akaona moshi, akatikisa kichwa. "Pole, muzee. Musafara haingoje. Nimuambie nini bibi yako?"

Wenceslas alifungua kinywa. Jina alikuwa nalo, zuri, hajamwambia mtu. Lakini jina la mtoto halitumwi kwa mdomo wa dereva. Hutamkwa na baba, mtoto akiwa mikononi. Machozi yakamlengalenga.

"Muambie... babu ya mutoto amupe jina."

Gari likaondoka. Jioni hiyo, huko Kanzenze, mtoto alipewa jina ambalo baba yake hakulichagua. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.