Sura ya Zawena

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mji wenye macho elfu, na macho yote yamo sokoni.

Katika mji huo, mjane Sikudhani alipotelewa na binti yake wa pekee, Zawena. Zimwi lilimchukua kisimani. Basi mama akatwaa ubao, masizi na chokaa, akaichora sura ya mwanawe, akaitundika kwenye ukuta wa soko.

"Mtazameni mwanangu! Nani amemwona?"

"Tuna shughuli, mama."

Kesho yake: "Mtazameni mwanangu! Nani amemwona?"

"Pisha mzigo, bibi we!"

Siku ya tatu: "Mtazameni mwanangu! Nani amemwona?"

Wakampita bila kugeuka.

Siku moja zimwi likapita, likauona ubao. "Huu utanifichua," likasema. Likaung'oa, likaenda nao pangoni.

Kulipokucha, ukuta mtupu. Loo! Wale waliopita bila kugeuka wakafurika kuutazama ukuta.

"Ilikuwa hapa!"

"Macho yake yakikufuata!"

"Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza!"

Waongo hao. Waliulilia ubao, na mtoto hawakumlilia. Mfalme akasikia, akatuma askari: "Nileteeni sura ya Zawena."

Sikudhani akawashika miguu. "Wanangu, na mwenyewe mniletee."

Wakafuata nyayo za zimwi, wakafika pangoni, zimwi limekwenda kuwinda. Ubao umeegemea jiwe. Kando yake msichana, mifupa mitupu, amefungwa mnyororo.

"Kaka zangu, mimi ndiye Zawena!"

Mkuu wao akamtazama, akautazama ubao. "Hufanani naye."

"Mimi ndiye! Ni njaa tu!"

"Usitucheleweshe."

Wakauviringishia ubao hariri, wakaubeba. "Mimi ndiye!" iliwafikia kwa mbali, nao wakiimba.

Mjini, ngoma. Sikudhani akauliza, "Na mwanangu?"

"Tulitumwa sura, mama. Kulikuwa na kisichana kikondefu, kikijiita yeye."

Akakimbia peke yake hadi pangoni. Akakuta mnyororo tu.

Basi sura ikatiwa fremu ya dhahabu, ikavuma duniani kote. Wafalme saba wakaja kuiona, wakapiga magoti. Sikudhani naye akaja, akanyoosha mkono, akaligusa shavu la mwanawe.

"Mama, sogea," wakasema wageni. "Unatuzibia."

Hadithi yangu nimeitua hapo, na imeniuma kuibeba. Mola alimfinyanga mtu kwa udongo, akampulizia pumzi; sisi twasujudia masizi. Mola amrehemu Zawena, atusamehe na sisi. Aliye hai mbele yenu, wanangu, mtazameni angali hai.